Wananchi Walipopewa Daftari la Hazina

Mwezi wa Julai, mwaka wa 2009, serikali ya jimbo la California katika Marekani iliishiwa na fedha taslimu. Wewe msomaji, ambaye umezoea kusikia Marekani ikitajwa kwa utajiri wake, huenda usisadiki upesi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu tarehe 2 ya mwezi huo Mdhibiti wa Hesabu wa jimbo, Bwana John Chiang, alianza kutoa hati za deni badala ya hundi. Mtu aliyekuwa akingoja kurudishiwa kodi aliyolipa kupita kiasi, au mfanya biashara aliyeiuzia serikali vifaa, alipewa karatasi iliyokiri ya kuwa serikali inadaiwa naye, na ya kuwa atalipwa mwezi wa Oktoba pamoja na faida ya dola 3.75 kwa kila dola 100 kwa mwaka. Mabenki makubwa yalizipokea hati hizo kwa siku chache, kisha yakakataa. Zilipokoma kutolewa, mwanzoni mwa Septemba, zilikuwa zimetoka hati 450,000 hivi, na thamani yake ilikuwa dola bilioni 2.6.

Wala jimbo hilo si maskini. Wakati ule lilikuwa na watu milioni 37 hivi. Mashamba yake hulisha sehemu kubwa ya Marekani kwa matunda na mboga, filamu zake hutazamwa dunia nzima, na kampuni zake za kompyuta zajulikana hata na mtoto wa shule ya msingi. Lau lingekuwa nchi ya peke yake, lingehesabiwa miongoni mwa nchi 10 zenye uchumi mkubwa duniani. Basi liliishiwaje?

Sababu ya karibu ilikuwa msukosuko wa fedha ulioivamia dunia mwaka wa 2008. Lakini iko sababu nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia. Majuma sita kabla ya hati za deni kuanza kutoka, tarehe 19 Mei, serikali ya jimbo iliwaita raia wake kwenye masanduku ya kura, ikawaomba wao wenyewe waisaidie kusawazisha mapato na matumizi. Raia walikataa. Ukiwalaumu upesi utakuwa umewaonea, na ukiwasifu upesi utakuwa umejidanganya. Hatuna budi kurudi nyuma miaka mia tuone jinsi daftari la hazina lilivyopata kuwekwa mikononi mwao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilisemwa, na haikuwa mbali na kweli, ya kuwa mtawala wa California alikuwa kampuni ya reli iitwayo Southern Pacific. Kampuni hiyo ilikuwa na ardhi, na nauli za mizigo, na kwa njia hizo ilikuwa na wabunge pia. Mwaka wa 1910 wakili mmoja aliyeitwa Hiram Johnson aligombea ugavana kwa ahadi ya kuiondoa kampuni ya reli katika siasa, akashinda. Tarehe 10 Oktoba 1911 wapiga kura walikubali mabadiliko ya katiba yaliyowapa mamlaka matatu makubwa: kuandika sheria wenyewe na kuipigia kura, kuirudisha sheria iliyokwisha pitishwa na wabunge, na kumwondoa madarakani kiongozi kabla ya muda wake kutimia. (Siku hiyo hiyo wanawake wa California walipata haki ya kupiga kura, tena kwa kura chache mno, ni jambo linalostahili insha yake.)

Tazama vizuri mamlaka yale ya kwanza. Raia yeyote aweza kuandika pendekezo, akazunguka na karatasi zake barabarani na mbele ya maduka, akakusanya sahihi za watu. Sahihi zikitimia hesabu iliyowekwa, pendekezo huenda moja kwa moja kwa wapiga kura. Wabunge hawaulizwi. Likipita, wabunge hawawezi kulitangua wapendavyo. Na kama ni la kubadili katiba, hakuna wa kulibadili ila wapiga kura wenyewe. Hapa Kenya, katiba ya mwaka wa 2010 katika kifungu chake cha 201 yataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma. Lakini sisi katika kushiriki huko hutoa maoni, na mwenye kuamua ni bunge au baraza la kaunti. Raia wa California huamuru. Tofauti hiyo uishike, maana habari yote inayofuata imejengwa juu yake.

Kwa zaidi ya nusu karne silaha hiyo haikuitikisa sana hazina. Kisha ukaja mwaka wa 1978.

Kisa chenyewe kilianza kwa jambo jema. Kodi ya nyumba na ardhi ilikuwa ikikadiriwa na maofisa waliochaguliwa na watu, nao kwa desturi walikuwa wakiwahurumia wenye nyumba ndogo kwa kuzikadiria chini ya bei ya soko. Mwaka wa 1965 ikagunduliwa ya kuwa mthamini wa San Francisco alikuwa akila rushwa kwa wafanya biashara ili mali zao zikadiriwe kidogo. Watu walikasirika, na mwaka uliofuata bunge likatunga sheria ya kuwa mali zote, za tajiri na za maskini, zikadiriwe kwa kipimo kimoja kilichofungamana na bei ya soko. Nani angepinga haki kama hiyo? Lakini katika miaka ya 1970 bei za nyumba California zilipanda kama maji ya mafuriko, na kodi ikapanda pamoja nazo. Mzee aliyestaafu, ambaye nyumba yake ilikuwa ile ile na mapato yake yale yale, aliamka akakuta kodi yake imezidi maradufu. Hakuwa ameiuza nyumba hata apate faida ya bei hiyo. Alikuwa akiishi ndani yake tu.

Wakati huo huo hazina ya jimbo ilikuwa imejaa. Ilikuwa na akiba ya mabilioni ya dola, na Gavana Jerry Brown, kijana wa miaka 40 aliyejisifu kwa kubana matumizi, pamoja na wabunge wake, walishindwa kupatana juu ya namna ya kuwapunguzia watu mzigo. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa katika habari yote, kubwa kuliko lolote lililofanywa na wapiga kura baadaye. Mtu anayelia njaa mlangoni pa ghala lililojaa hakawii kuuvunja mlango.

Wa kuuvunja alikuwa Howard Jarvis, mzee wa miaka 74, mwenye sauti ya kukwaruza na ulimi mkali, aliyekuwa msemaji wa wenye nyumba za kupangisha katika Los Angeles. Alikuwa amejaribu mara kadhaa akashindwa. Safari hii, yeye na mwenzake Paul Gann walikusanya sahihi zaidi ya milioni moja. Pendekezo lao, lililopewa namba 13, lilisema mambo machache tu: kodi ya nyumba au ardhi isizidi dola 1 kwa kila dola 100 za thamani yake, thamani hiyo irudishwe kama ilivyokuwa mwaka wa 1975, isipande zaidi ya 2 katika 100 kwa mwaka mpaka mali itakapouzwa, na tangu siku hiyo kodi yoyote ya jimbo isiongezwe ila kwa theluthi mbili za kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya bunge. Tarehe 6 Juni 1978 watu 65 hivi katika kila 100 waliopiga kura walikubali.

Mapato ya kodi ya mali yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Shule nyingi zilifuta masomo ya kiangazi, na maktaba zikapunguza saa za kufunguliwa. Lisilotazamiwa ni kwamba madaraka nayo yalihama. Kabla ya hapo mji na wilaya za shule zilijilisha zenyewe kwa kodi ya mali. Sasa serikali ya jimbo ilizimwagia akiba yake ili zisife, na mwenye kulisha huanza kuamuru. Watu waliopiga kura ili kuipunguzia serikali nguvu walikuwa wameihamishia nguvu hiyo Sacramento, mji mkuu, mbali na nyumbani kwao. Kadhalika majirani walianza kulipa kodi zisizolingana. Mwanamke mmoja aliyenunua nyumba Los Angeles mwaka wa 1988 kwa dola 170,000 alikuta kodi yake ni karibu mara 5 ya ile ya majirani wenye nyumba kama yake, kwa kuwa wao walinunua zamani. Alishitaki mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka wa 1992; majaji walisema jimbo lina haki ya kupanga hivyo.

Baada ya hapo raia walizoea njia. Huyu alileta pendekezo la kuweka mpaka wa matumizi, yule akaleta la kulinda fungu alipendalo. Mwaka wa 1988 wapiga kura waliamua, kwa kura chache za ziada, ya kuwa shule zipate kiasi maalumu cha mapato ya jimbo, ambacho kwa kawaida hufikia 40 hivi katika kila 100. Mwaka wa 1998 wakatoza ushuru wa tumbaku kwa ajili ya watoto wachanga; mwaka wa 2004 wakawatoza wenye mapato yanayozidi dola milioni 1 kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Kila moja ya kazi hizo ni njema, na mimi ningeweza kuzipigia kura zote. Lakini kila kura ilikuwa sawa na kutia fedha ndani ya kasha, kulifunga kwa kufuli, na kuuchukua ufunguo. Aliyepika bajeti Sacramento aliachiwa makasha mengi yaliyofungwa na mfuko mdogo ulio wazi.

Ongeza juu ya hayo kanuni nyingine, ambayo mizizi yake ilikuwa mwaka wa 1933, ya kuwa bajeti yenyewe haipiti ila kwa theluthi mbili za kura. Katika Baraza la Seneti lenye watu 40 zilitakiwa kura 27. Katika baraza la pili lenye watu 80 zilitakiwa 54. Kundi dogo liliweza kuizuia bajeti ya jimbo zima. Tena, kodi ya mali ilipofungwa, jimbo liliegemea kodi ya mapato, hasa ya matajiri, ambao faida zao hupanda na kushuka pamoja na soko la hisa. Mwaka wa neema hazina ilifurika, na mwaka wa dhiki ikakauka ghafula.

Dhiki kuu ikaja. Mwezi wa Februari 2009 pengo kati ya mapato na matumizi, kuhesabu mpaka katikati ya mwaka wa 2010, lilikuwa dola bilioni 40 hivi. Gavana alikuwa Arnold Schwarzenegger, ambaye zamani alikuwa mchezaji wa filamu. Naye alipata kiti mwaka wa 2003 kwa sababu wapiga kura walitumia mamlaka yao ya tatu wakamwondoa Gavana Gray Davis. Maseneta walifungiwa ndani ya ukumbi usiku kucha, wengine wakilala vitini, ikitafutwa kura moja iliyopunguka. Hatimaye Seneta Abel Maldonado wa chama cha Republican aliitoa, na kwa malipo yake alidai mambo kadhaa, mojawapo likiwa wabunge wasiongezwe mshahara katika mwaka wa upungufu. Bajeti ikapita ikiwa na makato mengi na kodi mpya za muda. Lakini sehemu ya mpango haikuweza kutimia pasipo idhini ya raia, kwa kuwa ilihitaji kugusa makasha yale waliyoyafunga wenyewe.

Ndipo tarehe 19 Mei mpiga kura alipowekewa mapendekezo sita. Jifanye wewe ndiye mpiga kura. Pendekezo 1A lilikuwa la kuweka akiba ya siku mbaya na kuzuia matumizi. Lakini ndani yake mlifichika kurefushwa kwa kodi za muda kwa miaka hadi miwili. La 1B lilihusu fedha za shule, nalo halikuwa na maana kama 1A lisipopita. La 1C liliomba ruhusa ya kukopa dola bilioni 5 kwa kuweka rehani mapato ya bahati nasibu. La 1D lilitaka kuchukua fedha za watoto wachanga, na 1E kuchukua fedha za wagonjwa wa akili. La 1F lilikuwa lile la mishahara ya wabunge. Je, ungeelewa yote hayo kwa kusoma kijitabu cha serikali jioni moja, baada ya kazi? Waliochukia kodi walipinga kwa sababu ya kodi. Waliopenda huduma walipinga kwa sababu ya mpaka wa matumizi. Na wengi walihisi ya kuwa wabunge wanawatupia mzigo ambao wao wenyewe wanalipwa kuubeba.

Waliojitokeza hawakufika hata theluthi moja ya walioandikishwa. Mapendekezo matano ya kwanza yalianguka. La sita, la kuwanyima wabunge nyongeza, lilipita kwa kura 74 hivi katika kila 100. Nadhani msomaji wamsikia mpiga kura akisema.

Matokeo umekwisha yasoma mwanzoni: hati za deni. Wafanyakazi wa jimbo walilazimishwa kukaa nyumbani siku tatu kwa mwezi pasipo mshahara. Nawe uliye mwanafunzi, sikiliza hili: mwezi wa Novemba mwaka ule ule baraza la Chuo Kikuu cha California lilipandisha ada kwa 32 katika kila 100, ikapita dola 10,000 kwa mwaka, na wanafunzi wakaandamana huku wakilia. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka wa 1978.

Je, raia walikuwa wapumbavu? Wapo waliosema hivyo. Wachunguzi wa maoni ya watu wamekuta mara nyingi ya kuwa wakazi wengi wa California hawajui ni kazi gani inayokula fedha nyingi zaidi, wala ni kodi ipi inayoingiza nyingi zaidi. Husema serikali ipunguze matumizi. Wakiulizwa lipi lipunguzwe, shule au matibabu au vyuo, hukataa kila moja, isipokuwa magereza. Lakini mimi naona ujinga huo una chanzo chake. Kwa miaka 30 waliulizwa maswali ya upande mmoja wa daftari. Mwaka huu waliulizwa, wataka kodi ndogo? Mwaka mwingine wakaulizwa, wataka shule nzuri? Hata mama wa nyumba hodari angeharibu hesabu kama angeonyeshwa bei leo na mkoba wake mwakani.

Wako waliojaribu kuwaonyesha watu pande zote mbili kwa pamoja. Shirika moja la jimbo hilo, liitwalo Next 10, liliweka katika intaneti zoezi ambalo mtu yeyote aweza kukaa akasawazisha bajeti ya California yeye mwenyewe: kila akiongeza fedha za shule aona pengo likipanuka, na kila akikubali kodi aona likipungua. Mwezi wa Juni 2011, katika mji wa Torrance, walikusanywa raia 412 waliochaguliwa kwa namna ya kuwakilisha jimbo zima, wakashinda pamoja siku tatu wakijadiliana na kuwauliza wataalamu juu ya kodi, bunge, na haki hii ya kuandika sheria. Mikutano kama hiyo haina nguvu ya sheria. Thamani yake ni kuonyesha ya kuwa fundi bomba na mwalimu na mkulima, wakipewa nafasi na hesabu kamili, huzungumza habari za bilioni pasipo kupotea.

Wapiga kura nao walianza kulegeza vifungo. Mwaka wa 2010 waliondoa sharti la theluthi mbili katika kupitisha bajeti, likabaki kwa kodi tu, wakaongeza ya kuwa wabunge wasipomaliza bajeti kufikia tarehe 15 Juni wakose mshahara wa siku zile wanazochelewa. Tangu hapo bajeti hupitishwa kwa wakati. Mwenye kutaka kujua jinsi mbunge anavyoharakishwa na ajifunze hapo.

Mwaka huo huo Jerry Brown alirudi ugavana, sasa ni mzee mwenye upara. Aliwaomba wabunge idhini ya kuwauliza raia habari ya kodi, wakamnyima. Basi naye akatumia njia ya Jarvis, akakusanya sahihi. Pendekezo lake la 30, la mwezi wa Novemba 2012, lilitaka kuongeza kodi ya mapato kwa miaka saba kwa mtu apataye zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, na ushuru wa bidhaa robo senti kwa kila dola kwa miaka minne. Jipya lilikuwa hili: bajeti ilikuwa imekwisha andikwa mapema pamoja na adhabu yake. Pendekezo likianguka, mabilioni ya dola yangekatwa, mengi yakiwa ya shule na vyuo, na kila mtu alijua kabla ya kupiga kura. Brown alizunguka mashuleni na vyuoni akiwaeleza vijana hesabu hiyo. Kura 55 katika kila 100 zilikubali. Miaka miwili baadaye wapiga kura walikubali pia akiba ya siku mbaya, ile waliyoikataa mwaka wa 2009 ilipoletwa imefungwa pamoja na vitu vingine, safari hii kwa wingi mkubwa.

Lakini kazi ya mzee Jarvis haijaguswa. Mwezi wa Novemba 2020 raia waliulizwa kama mali kubwa za biashara zianze kukadiriwa kwa bei ya soko, nyumba za kuishi ziachwe kama zilivyo, na mapato yaende shuleni na wilayani. Watu 52 katika kila 100 walikataa. Jarvis alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1986, na dola yake 1 kwa kila 100 ingali katika katiba ya California, mahali pale pale alipoiweka.